Ombi la Mkate na Miaka ya Njaa

Katika Sala ya Bwana kuna maombi kadha, na mengi yao ni ya mambo ya juu: jina la Mungu, ufalme wake, mapenzi yake, msamaha na wokovu. Moja tu ni la tumbo. Mkristo huamriwa aombe chakula cha siku moja, wala si cha mwaka mzima. Na katika Kiswahili ombi hilo limevikwa neno riziki, ambalo Mwislamu na Mkristo hulitumia sawasawa, kila mmoja akiamini kwamba mwenye kuigawa ni Mmoja. Nililitamka ombi hilo kwa mara ya kwanza nikiwa mtoto nisiyejua kusoma, na ilipita miaka mingi kabla sijaona kuwa ndani yake limo swali. Swali lenyewe si gumu kulieleza. Watu wasiohesabika wameliomba ombi hili asubuhi, au jingine lililo ndugu yake, na jioni wakafa kwa njaa.

Wanazuoni wa dini wameandika mengi juu ya jambo hili, nao wamelipa jina la majaliwa. Mimi si mmoja wao, wala sina nia ya kuingia katika uwanja wao. Nataka kulitazama swali hili mahali ambapo historia imeliweka wazi, yaani katika karne ya 19, ambayo ilikuwa na watu walioliamini ombi la mkate kwa ukali usio wa kawaida, na papo hapo ikawa na njaa kubwa kupita kiasi. Mambo hayo mawili aghalabu huandikwa katika vitabu mbalimbali. Nadhani yapasa kusomwa pamoja.

Aliyeliamini ombi hilo kupita wote alikuwa Mjerumani. George Müller alizaliwa Prussia mwaka 1805, na ujana wake haukuwa wa kusifiwa: alimwibia baba yake fedha, na alipokuwa na miaka 16 aliwekwa kifungoni kwa kushindwa kulipa gharama za nyumba ya wageni. Alisoma katika chuo kikuu cha Halle, mji wenye nyumba kubwa ya mayatima iliyoanzishwa na August Hermann Francke mwishoni mwa karne ya 17, na huko ndiko alikogeuka akawa mtu wa dini. Mwaka 1829 alikwenda Uingereza, na mwaka 1832 akakaa Bristol, ambako mwezi Aprili 1836 alifungua nyumba ya mayatima wasichana katika mtaa wa Wilson. Yeye mwenyewe aliandika kwamba kuwalisha watoto hakukuwa shabaha yake ya kwanza. Shabaha yake ilikuwa kuwapa Wakristo waliochoka ushahidi wa macho kwamba Mungu husikia. Kwa sababu hiyo alijiwekea masharti: hatamwomba mtu yeyote hata senti, hatakopa, wala hatamwambia mtu wa nje kuwa nyumba ina haja. Mungu peke yake ndiye atakayeambiwa.

Kuna kisa kipendwacho sana, cha watoto walioketi mezani asubuhi mbele ya sahani tupu, Müller akashukuru kwa chakula kisichokuwapo, na mara mwoka mikate akabisha mlango. Kisa hicho kimesimuliwa na wengi baada yake. Mimi napenda zaidi daftari zake. Humo ameandika kila kilicholetwa, tangu mamia ya pauni hadi nusu peni, pamoja na pete, vijiko vya fedha na nguo kuukuu. Tangu mwaka 1838 kulikuwa na miezi, na kisha miaka, ambayo fedha za siku moja zilikuwa zikimalizika siku hiyo hiyo. Na mtu asomaye kwa makini ataona jambo dogo ambalo wahubiri hulipita haraka: mara nyingi waliokuwa wa kwanza kuliziba pengo walikuwa wafanyakazi wa nyumba ile ile, ambao waliruhusiwa kuijua haja, nao walitoa katika ujira wao mdogo na kuuza vitu vyao. Mkate ulitoka kwa Mungu, lakini kwanza ulipitia mfukoni mwa mwalimu wa kike aliyelipwa kidogo.

Wako waliosema, na wangali wapo, kuwa Müller aliomba watu kwa ujanja. Hakunyosha mkono, lakini kila mwaka alitoa taarifa iliyoeleza jinsi Mungu alivyomjibu. Na taarifa hiyo ilipelekwa kwa posta, ambayo tangu mwaka 1840 ilikuwa ikichukua barua kwa peni moja nchi nzima. Kusimulia jinsi ulivyopewa jana ni njia mojawapo ya kuomba leo. Shutuma hii si bure. Walakini, haki imwendee: mwezi Desemba 1841, haja ilipokuwa kubwa, yeye na wenzake waliiahirisha taarifa na mikutano ya mwaka makusudi, ili isije ikasemwa kuwa walitegemea karatasi. Mtu mjanja asingefanya hivyo. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na Müller aligaagaa kweli kweli. Alikuwa mtunza hesabu hodari kama alivyokuwa mtu wa sala. Kufikia mwaka 1870 alikuwa na nyumba tano kubwa juu ya kilima cha Ashley Down, zenye nafasi ya watoto 2,050. Alipokufa mwezi Machi 1898, zaidi ya mayatima 10,000 walikuwa wamepita mikononi mwake, na fedha zilizompitia kwa kazi zake zote zilikaribia pauni milioni moja na nusu.

Hayo ni matendo makubwa, na sitaki kuyapunguza. Lakini turudi nyuma kidogo, mwaka 1847. Katika maandishi yake ya mwezi Mei mwaka huo Müller analalamika, kwa utulivu wake wa kawaida, juu ya bei za vyakula. Mkate umekaribia bei maradufu, unga wa shayiri karibu mara tatu, na viazi havinunuliki kabisa. Anaendelea kumshukuru Mungu kuwa hata hivyo watoto wamekula. Sasa, Bristol ni bandari ielekeayo magharibi, na ng'ambo ya bahari yake ndiko iliko Ireland. Sababu iliyofanya viazi visinunulike Bristol ndiyo iliyokuwa ikiwaua watu Ireland. Ugonjwa wa viazi uliingia mwaka 1845, na njaa ilipokwisha mwaka 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa, na wengine zaidi ya milioni wameihama nchi. Watu hao walikuwa Wakristo, wengi wao wenye kushika ibada kuliko majirani zao. Walisali sala ile ile. Nafaka na ng'ombe waliendelea kutolewa katika bandari za Ireland kupelekwa Uingereza, mara nyingine chini ya ulinzi wa askari.

Msomaji atasema: Müller hakuwa na hatia katika hayo. Ni kweli. Lakini palikuwa na mtu mwingine aliyelitaja jina la Mungu katika shauri hili. Charles Trevelyan, mkubwa katika Hazina ya Uingereza, ndiye aliyeshika hatamu za msaada wa Ireland. Mwaka 1848 alichapisha habari za msiba huo, na ndani yake aliueleza kama kazi ya majaliwa yenye hekima, ambayo imekuja kuivunja desturi mbovu ya watu maskini kutegemea viazi. Alikuwa mtu wa dini, mnyofu katika mambo yake. Imani kwamba Mungu hupanga riziki ilimfanya Müller awafungulie mlango watoto. Imani hiyo hiyo, kwa jina lile lile, ilimsaidia Trevelyan kuufunga mlango bila kuumwa na dhamiri. Tangu nilipoyasoma haya siwezi kulisikia neno majaliwa bila kuuliza kwanza ni nani alisemaye, na kama ameshiba.

Trevelyan alikuja kuwa gavana wa Madras kwa muda mfupi, miaka ya 1859 na 1860. Na njia yetu pia inaelekea huko.

Mwaka 1873 mvua ilikosekana Bengal na Bihar. Serikali ya Waingereza, chini ya mkono wa Sir Richard Temple, ilinunua mchele mwingi sana kutoka Burma, ikaugawa, na watu waliokufa wakawa wachache mno. Kwa kazi hiyo Temple hakusifiwa. Alishutumiwa huko London kwa kutapanya fedha. Basi mwaka 1876 mvua ilipokosekana kusini, Temple aliyepelekwa Madras alikuwa mtu aliyekwisha fundishwa. Posho aliyoiagiza kwa mwanamume afanyaye kazi nzito kambini ilikuwa ratili moja ya nafaka kwa siku. Daktari William Cornish, msimamizi wa afya wa Madras, alipinga kwa nguvu kuwa mtu hawezi kuishi kwa hiyo, na baada ya miezi kadha posho ikaongezwa. Tarehe 1 Januari 1877, Lord Lytton alifanya karamu kubwa Delhi kumtangaza Victoria kuwa Malkia wa Bara Hindi yote, na miezi ile ngano ya Bara Hindi iliendelea kupakiwa merikebuni kwenda Uingereza. Katika njaa ile ya mwaka 1876 hadi 1878 walikufa zaidi ya watu milioni 5. Hapana awezaye kusema ngano ya nchi gani ilikuwa ndani ya mkate upi. Lakini yatosha kujua kuwa katika miaka hiyo Uingereza iliyokuwa ikiwalisha watoto wa Ashley Down kwa kujibu sala ilikuwa ikilishwa, kwa sehemu, na nchi iliyokuwa ikifa.

Katika muongo huo, kabla ya kuwa na umaarufu wowote, msichana mmoja wa Kibrahmani alisimama mlangoni pa jirani. Jina lake Ramabai. Baba yake, Anant Shastri Dongre, alikuwa mwanachuoni aliyethubutu kumfundisha mkewe Kisanskriti kinyume cha desturi, na mama akamfundisha binti. Familia ilikuwa ikizunguka mahali patakatifu, ikisoma vitabu vya dini mbele ya mahujaji na kuishi kwa sadaka. Njaa ilipokuja hawakujua kazi nyingine. Ramabai ameyaeleza mwenyewe baadaye: jinsi walivyouza mapambo na vyombo, wakatoa fedha zao kwa makuhani, wakafunga, wakazunguka sanamu, wakatimiza kila sharti lililoandikwa, wakingojea miungu iseme. Miungu haikusema. Waliingia msituni wakala matunda ya mwitu na majani, na siku moja walikubaliana kwenda kujitosa katika ziwa takatifu, baba akiwa wa kwanza. Kaka yao ndiye aliyewazuia, kwa kusema kwamba yu radhi kufanya kazi ya kibarua, jambo la aibu kwa mtu wa ukoo wao. Lakini alikuwa amechelewa. Baba alikufa, kisha mama akaugua, akilia chakula katika kuweweseka.

Ramabai alitumwa kwa mwanamke jirani kuomba kipande cha mkate wa uwele. Alifika, yule mwanamke akamsemesha kwa upole, naye akashindwa kufungua kinywa. Katika maisha yake yote hakuwa amepata kuomba. Alisimama tu, akiukaza uso ili machozi yasimshinde, hata mwenye nyumba akatambua na kumwuliza kama ataka chakula. Akajibu kuwa ataka kipande kidogo tu. Akapewa. Alikimbia nacho hadi kwa mama yake. Mama hakuweza kukila.

Mara nyingi nimeirudia habari hii, na kila mara nasimama hapa. Riziki ilikuja. Ilikuja kwa mkono wa jirani mwema, katika kipindi cha njaa, kama wahubiri wasemavyo kuwa huja. Nayo ilichelewa kwa siku moja au mbili.

Dada yao naye akafa. Ramabai na kaka yake walitembea kwa miguu sehemu kubwa ya Bara Hindi. Kaskazini, ukingoni mwa mto Jhelum, walichimba mashimo mchangani kama makaburi na kujifukia usiku ili wasife kwa baridi. Mwaka 1878 walifika Calcutta, na wanavyuoni wa huko, wakistaajabia elimu yake, wakampa jina la Pandita. Baada ya hapo kaka alikufa. Ramabai aliolewa na wakili wa Kibengali mwaka 1880, na mwaka 1882 mume akafa kwa kipindupindu, akamwachia mtoto mchanga wa kike. Mwaka 1883 alikwenda Uingereza, na huko Wantage akabatizwa. Wale masista waliompokea waligundua upesi kuwa hawakumpata mwanafunzi mpole: alibishana nao kwa barua juu ya mafundisho kadha wa kadha, akikataa kulikubali neno kwa kuwa tu limesemwa na mkubwa. Mtu aliyekwisha kudanganywa na kuhani mmoja hamwamini wa pili upesi.

Aliporudi nchini mwaka 1889 alifungua Bombay nyumba ya wajane vijana, akaihamisha mwaka uliofuata kwenda Pune. Mwanzo hakuwa mfuasi wa njia ya Müller hata kidogo. Alikuwa amekwenda Marekani, akahutubia, akaandika kitabu, na marafiki wa huko wakaahidi kumchangia kwa miaka 10. Huo ulikuwa mpango wa mtu mwenye busara. Lakini katika miaka hiyo alisoma habari za Müller, na za chama cha China Inland Mission kilichoanzishwa na Hudson Taylor mwaka 1865 kwa masharti yale yale ya kutomwomba mtu, na za John Paton wa visiwa vya Bahari ya Kusini. Akajiuliza kama Mungu aweza kutegemewa hivyo katika Bara Hindi pia. Swali hilo kwa mtu wa Bristol lingekuwa la kawaida. Kwa Ramabai lilikuwa swali la kuogofya, kwa maana wazazi wake walikuwa wamekwisha kulijaribu: hawakumwomba mtu, walimngojea Mungu, na wakafa.

Yeye alikuwa na jibu, na jibu lake lilikuwa kali. Wazazi wake, alisema, waliomba mawe. Walitimiza masharti yote ya miungu isiyokuwapo, na kwa hiyo hawakujibiwa. Naelewa kwa nini alisema hivyo, na sina haki ya kumfundisha mtu aliyekula majani jinsi ya kuwasema waliomzaa. Lakini hapa mimi nasitasita. Ikiwa mawe ndiyo sababu, basi waliokufa Ireland waliomba nini? Walikuwa na Injili, misalaba na mapadri. Hoja yake yamwokoa Mungu wa Müller kutokana na njaa ya Madras, lakini haimwokoi na njaa ya Ireland, ambayo ilikuwa chini ya dirisha la Müller mwenyewe. Sijaona mahali ambapo Ramabai alilijibu hilo. Nilichokiona ni jambo jingine, nalo limo katika matendo yake zaidi kuliko katika hoja zake.

Mwaka 1896 mvua ilikosekana tena. Ramabai aliposikia habari za majimbo ya kati hakuweza kutulia. Aliandika kuwa njaa yake ya zamani ndiyo iliyomsukuma. Ahadi ya Marekani ilikuwa imebaki na miaka miwili, fedha hazikuwapo, na nyumba ya Pune ilikuwa na nafasi ndogo. Alipanda gari la moshi akaenda. Alipita katika kambi za msaada na nyumba za maskini, akaona wasichana waliobaki mifupa, na akaona pia wanaume waliokuwa wakizunguka kuwachukua wasichana hao kwa makusudi maovu. Alirudi na wasichana wapatao 300. Wakati huo tauni ilikuwa imeingia Pune na wenye amri wakakataza wageni zaidi katika nyumba yake. Basi akawapeleka Kedgaon, kwenye shamba alilokuwa amelinunua kwa ajili ya miti ya matunda, wakakaa katika mahema na vibanda. Mahali hapo akapaita Mukti, maana yake wokovu, au uhuru.

Mtu aweza kudhani kwamba mwanamke aliyeazimia kutegemea sala peke yake atawanyamazia wakubwa. Haikuwa hivyo. Mwaka 1897 aliandika gazetini kuishutumu hospitali ya tauni ya Pune kwa jinsi wanawake walivyotendewa humo, akitaja msichana wa nyumba yake mwenyewe. Jambo hilo lilifika hadi Bunge la Uingereza, na gavana wa Bombay akalikanusha. Hapa Ramabai ameachana na Müller, ingawa sidhani kama alijua. Müller hakumwambia mtu haja za nyumba yake, wala sijasoma mahali alipoiuliza serikali kwa nini mayatima ni wengi kiasi kile. Ramabai kwa upande wa fedha alifunga kinywa, lakini kwa upande wa haki alikifungua. Yule msichana aliyeshindwa kusema mlangoni pa jirani alikuwa amejifunza kusema, na hakusema kwa ajili yake.

Njaa ya mwaka 1899 na 1900 ilikuwa mbaya zaidi, hasa Gujarat. Mukti ikajaa hata ikawa na watu karibu 2,000. Si wote waliopona. Wengine walifika wakiwa na mwili usioweza tena kupokea chakula, kama mama yake. Visima vilichimbwa, mashamba yakalimwa, wasichana wakafundishwa kusuka, kushona, kulima, kukamua mafuta. Fedha zilikuja kutoka Uingereza, Marekani, Australia na kwingineko, nyingine kwa watu ambao hawakupata kumwona. Ukizichunguza utakuta posta, merikebu, magazeti ya dini na utajiri wa nchi zilizokuwa zikitawala. Hilo halinishangazi tena. Mungu ajibuye sala, kama ajibu, hutumia njia zilizopo, na njia zilizokuwapo katika karne ile zilikuwa njia za dola. Linaloniuma ni kuwa njia zile zile ndizo zilizokuwa zikichukua ngano.

Hapo China, katika njaa ya mwaka 1876 hadi 1879 ambayo yasemekana iliua watu kati ya milioni 9 na 13, mmishonari wa Kibaptisti Timothy Richard alikuwa akigawa fedha Shandong na Shanxi, akasafiri njia zilizojaa maiti. Yeye alitoka humo na fikira nyingine kabisa: akaanza kuwafundisha maofisa wa Taiyuan elimu ya sayansi, akiwasihi wajenge reli ili nafaka iweze kufika mahali palipo na njaa. Wamishonari wengine, hasa wa chama cha Hudson Taylor, hawakuafikiana naye. Richard alikuwa na haki kwa sehemu. Lakini Bara Hindi ilikuwa na reli tayari, nazo zilichukua nafaka kuelekea bandarini kwa wepesi kama vile zingeweza kuileta vijijini. Reli haina imani, huenda inakopelekwa.

Nasi tunaijua reli hiyo. Katika miaka ile ya Gujarat, mvua ilikosekana Afrika Mashariki pia. Kuanzia mwaka 1898 Wakamba walipata njaa waliyoiita Ngomanisye, Wakikuyu wakaingia humo pamoja na ndui, na ng'ombe walikuwa wamekwisha kupunguzwa na sotoka miaka michache nyuma. Reli ya Uganda ilikuwa ikipita katikati ya nchi hiyo. Ilifika Nairobi mwaka 1899, na vibarua wake walitoka Bara Hindi, pamoja na sehemu kubwa ya chakula chao kilicholetwa kwa merikebu. Na huko Ukambani walikuwako watu wa sala ya Müller. Peter Cameron Scott alitua Mombasa mwaka 1895 na kundi dogo la wenzake, wakianzisha Africa Inland Mission kwa kanuni ya kutomwomba mtu fedha. Scott alikufa mwezi Desemba 1896. Wenzake wengine walikufa au wakaondoka, hata ilipofika njaa ile kubwa alikuwa hajabaki karibu mtu. Kanisa kubwa lililotokana na kazi hiyo lipo hata leo nchini Kenya, na wazee wake hulisimulia jambo hili kama ushahidi wa uaminifu wa Mungu. Huenda ndivyo. Mimi hujiuliza tu kama wajukuu wa waliokufa kwa Ngomanisye, ambao wengi wao sasa ni waumini wa kanisa hilo, huzisimulia habari mbili hizo siku moja.

Nirudi Kedgaon, maana huko ndiko nilikopenda kukaa. Katika miaka yake ya baadaye Ramabai alijifunza Kiebrania na Kigiriki, akaazimia kuitafsiri Biblia katika Kimarathi chepesi ambacho wanawake wa vijijini wangekielewa, kwa kuwa tafsiri zilizokuwapo, kwa maoni yake, zilijaa maneno ya wasomi. Ilimchukua miaka mingi. Binti yake Manorama, aliyekuwa msaidizi wake na aliyetazamiwa kushika kazi baada yake, alikufa mwaka 1921. Mama huyo, aliyekwisha kuzika baba, mama, dada, kaka na mume, akazika na huyo, akarudi kwenye karatasi zake. Alikufa tarehe 5 Aprili 1922. Tafsiri ilikuwa imekamilika. Ilitolewa nzima mwaka 1924. Mashine ya kupigia chapa ilikuwa pale pale Mukti, na wanawake wa nyumba ile ndio walioifanyia kazi, wakipanga herufi za chuma moja baada ya moja, sura baada ya sura, pamoja na ile aya ya ombi la mkate.